Kodi isiyomjua mlipaji

Chukua risiti ya dukani na slipu ya mshahara, uziweke mezani pamoja. Slipu ina jina la mtu, namba yake ya mlipakodi, pengine na namba ya mfuko wa pensheni. Inasema alipata kiasi gani, akakatwa kiasi gani, akabaki na kiasi gani. Risiti haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina orodha ya bidhaa, ina jumla, na kule chini kuna mstari mmoja wenye neno kodi na tarakimu mbele yake. Aliyelipa anaweza kuwa mkurugenzi wa benki au mfagiaji wa benki hiyohiyo. Karatasi haijui.

Watetezi wa kodi ya mauzo yenye kiwango kimoja, wanaotaka ichukue nafasi ya kodi ya mapato, wanaona kutojua huko ndiyo haki yenyewe. Watu wote sawa, kiwango kimoja, hakuna fomu, hakuna ofisa wa kukuuliza umepata wapi. Mimi naona hapohapo ndipo kasoro ilipo. Ila niseme mapema kwamba hoja yao si ya kipuuzi kama wapinzani wao wanavyoichora, na kuna sehemu yake moja ambayo imenichukua muda mrefu kuijibu.

Tuanze na hesabu, kwa tarakimu za kubuni ambazo msomaji yuko huru kuzibadilisha. Kuna watu watatu. Wa kwanza anapata 1,000 kwa mwezi na zote zinaisha kabla mwezi haujaisha. Wa pili anapata 3,000 na anatumia 2,800. Wa tatu anapata 10,000. Anatumia 5,000, na nusu iliyobaki inakwenda kwenye hisa, hati fungani na viwanja. Weka kodi ya mauzo ya kiwango kimoja, ili kati ya kila 100 inayotolewa dukani 20 iwe ya serikali. Wa kwanza atalipa 200, yaani asilimia 20 ya mapato yake. Wa pili atalipa 560, karibu asilimia 19. Wa tatu atalipa 1,000, ambayo ni asilimia 10.

Sasa iondoe hiyo, uweke kodi ya mapato ya ngazi. Ile 1,000 ya kwanza haitozwi kitu. Inayofuata, hadi kufika 4,000, inatozwa asilimia 15, na kila kinachozidi hapo asilimia 30. Wa kwanza halipi. Wa pili analipa 300, asilimia 10 ya mapato yake. Wa tatu analipa 450 kwenye ngazi ya kati na 1,800 kwenye ngazi ya juu, jumla 2,250, ambayo ni asilimia 22.5.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo nimelisikia hata kwa watu wanaoshika mahesabu ya kampuni: kwamba mtu akipandishwa mshahara kidogo akaingia ngazi ya juu, mshahara wake wote unatozwa kiwango kipya na anaweza kurudi nyumbani na pungufu ya alichokuwa akipata. Sivyo. Aliyetoka 4,000 akafika 4,100 anatozwa asilimia 30 ya ile 100 tu. Zile 4,000 za chini zinabaki zilivyokuwa. Anabaki na 70 mpya mfukoni. Anayeweza kupata hasara kwa kupandishwa mshahara ni yule anayepokea msaada wa serikali unaokatwa mara mapato yanapovuka mpaka fulani, na hilo ni kosa la mpangilio wa msaada, halitokani na ngazi za kodi.

Mtetezi wa kiwango kimoja atasema, vizuri, lakini kwa nini mtu wa tatu alipe zaidi ya wengine kwa asilimia? Amefanya kazi, amebana matumizi, amewekeza. Swali hilo lina umri. Thomas Hobbes, Mwingereza, alijenga hoja hiyo mwaka 1651: usawa wa kodi upimwe kwa kile mtu anachokitumia, usipimwe kwa utajiri wake, maana haingii akilini kumtoza zaidi anayefanya kazi sana na kutumia kidogo kuliko mvivu anayekula kila anachopata. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1776, Adam Smith aliandika kinyume chake: si jambo lisilo na busara kwamba matajiri wachangie gharama za umma zaidi hata ya uwiano wa mapato yao. Smith huyu ndiye anayetajwa kila siku kama baba wa soko huria, na sentensi yake hiyo husahaulika kila wanaomtaja wanapofika kwenye kodi.

Historia nayo haikwenda kwa utaratibu tunaoufikiria. Watu wengi hudhani kodi ya mapato ndiyo ya zamani na kodi za matumizi ni uvumbuzi wa kisasa. Ni kinyume chake. Kwa karne nyingi serikali ziliishi kwa kutoza vitu: chumvi, sabuni, mishumaa, pombe, shehena bandarini. Chumvi ndiyo iliyopendwa kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayeweza kuishi bila chumvi, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo iliyochukiwa kuliko zote. Mwenye mali mara mia ya jirani yake hali chumvi mara mia. Ufaransa ilikuwa na kodi ya chumvi, gabelle, iliyokuwa moja ya manung'uniko makubwa kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, ikafutwa mwaka uliofuata. Mahatma Gandhi alipotafuta mwaka 1930 jambo moja litakalomgusa kila Mhindi, hakuchagua katiba wala bunge. Alitembea hadi pwani ya Dandi kuokota chumvi isiyolipiwa kodi.

Kodi ya mapato ilikuja kama mgeni asiyekaribishwa. Uingereza iliianza mwaka 1799 chini ya William Pitt, kugharamia vita dhidi ya Ufaransa. Ilipofutwa mwaka 1816, bunge liliagiza kumbukumbu zake ziteketezwe, watu walivyochukia kuona serikali imewachungulia mifukoni. Ikarudi mwaka 1842. Kilichoirudisha ni muhimu kwa mjadala wetu: waziri mkuu Robert Peel aliwatoza wenye mapato ya juu ya pauni 150 kwa mwaka ili aweze kupunguza ushuru wa mamia ya bidhaa. Marekani nayo, kabla ya marekebisho ya 16 ya katiba mwaka 1913, serikali yake kuu iliendeshwa zaidi kwa ushuru wa forodha na wa bidhaa. Kodi ya mapato ya mwaka huo ilianzia asilimia 1 na kuishia 7, na aliyepata chini ya dola 3,000 kwa mwaka hakuguswa, jambo lililowaacha nje Wamarekani walio wengi. Kwa hiyo anayetaka leo tufute kodi ya mapato tubaki na kodi ya mauzo asijiite mwanamageuzi. Anaturudisha tulikotoka, na waliotoka huko walikuwa na sababu zao.

Lakini nimeahidi kuitendea haki hoja yenyewe, basi niieleze katika sura yake yenye nguvu kuliko zote.

Chukua wafanyakazi wawili wenye mshahara uleule, kila mmoja anapata 1,000. Mmoja ni mla chake leo, mwingine ni mweka akiba. Kodi ya mapato ni asilimia 20 kwa wote. Wa kwanza anabaki na 800, anazitumia, mambo yamekwisha. Wa pili anaziweka 800 zake benki kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Lakini riba nayo ni mapato, inatozwa kodi, kwa hiyo kinachoingia kwake ni asilimia 4. Baada ya miaka kumi ana 1,184. Riba isingetozwa angekuwa na 1,303. Ile 119 iliyopotea ni adhabu kwa nani? Kwa yule aliyesubiri. Wote wawili walifanya kazi ileile, walilipwa sawa, walitozwa sawa siku ya mshahara, kisha mmoja akatozwa tena na tena kwa sababu tu hakula siku ileile. Kodi ya mauzo haina shida hiyo: ukitumia leo unatozwa leo, ukitumia baada ya miaka kumi unatozwa siku hiyo, na kusubiri kwenyewe hakukugharimu kitu.

Hesabu hiyo ni sahihi. Sina pa kuipinga. Hata kuipima kodi ya mauzo kwa mwezi mmoja, kama nilivyofanya mimi hapo juu, ni kuitia chumvi kasoro yake kwa kiasi fulani, maana mwanafunzi na mstaafu hutumia zaidi ya wanachopata mwaka huo, na anayeweka akiba akiwa na miaka 40 huja kuitumia akiwa na 70. Ukimpima mtu kwa maisha yake yote, pengo kati ya asilimia 20 na asilimia 10 linapungua.

Linapungua, haliishi. Na hapa ndipo nilipokwama kwa muda, hadi nilipogundua kwamba mfano wenyewe umechaguliwa kwa ustadi. Watu wawili wenye mshahara sawa! Mfano unazungumzia haki kati ya walio sawa, kisha unatumiwa kuhalalisha kodi itakayowaangukia wasio sawa. Yule mtu wetu wa kwanza, wa 1,000 zinazoisha kabla ya mwezi, hakuchagua kuwa mla chake. Ukimwambia kwamba kodi hii inamwachia uhuru wa kuweka akiba bila adhabu, atakuuliza akiba ya nini.

Upande wa juu pia mfano unadanganya. Unachukulia kwamba fedha iliyowekwa ina siku yake ya kufika dukani. Kwa mfanyakazi anayejiwekea ya uzeeni ni kweli. Kwa mwenye mali nyingi si lazima. Hisa zenye kumpa mtu sauti ya mwisho katika kampuni zinamnufaisha kila siku bila kuuzwa. Mali inampa utulivu wa kutoogopa ugonjwa wala kufukuzwa kazi. Inafungua milango kwa wanasiasa, inasomesha, inaozesha watoto kwa watoto wa wenzake, kisha inarithiwa. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachopita kwenye mashine ya risiti. Mtu anaweza kuishi miaka 80 ndani ya utajiri, akaacha mali kubwa kuliko aliyoikuta, na kodi ya mauzo ikawa imeona tu chakula chake, nguo zake na magari yake.

Kama tatizo ni yule mweka akiba wa mshahara wa kawaida, dawa yake ipo ndani ya kodi ya mapato na inatumika katika nchi nyingi: michango ya pensheni haitozwi hadi siku inapochukuliwa. Unamponya bila kuing'oa nyumba nzima.

Na huyo mweka akiba ndiye atakayeumia zaidi siku ya mabadiliko. Mfikirie mstaafu aliyelipa kodi ya mapato miaka 35, akaweka kilichobaki. Kesho yake serikali inatangaza: kodi ya mapato imefutwa, sasa tunatoza mauzo. Fedha aliyokwisha kuilipia kodi inatozwa tena kila anaponunua dawa. Kodi iliyoletwa kwa jina la kutomtoza mtu mara mbili inaanza kwa kumtoza mara mbili kizazi kizima.

Wenye kuipenda kodi ya mauzo hawajakaa kimya juu ya maskini. Wana jibu, na jibu lenyewe lina sura mbili.

La kwanza ni kusamehe bidhaa za lazima: chakula, dawa, vitabu vya shule. Linavutia, na serikali nyingi zimelifuata. Shida yake ni kwamba risiti bado haimjui mlipaji. Msamaha wa kodi kwenye chakula unamfikia pia mtu wa tatu, ambaye anakula vizuri zaidi na kununua zaidi, kwa hiyo kwa tarakimu kamili anabeba fungu kubwa la msamaha kuliko yule uliyemkusudia. Halafu yanakuja mabishano ya mpaka. Biskuti ni chakula au ni starehe? Nchini Uingereza kesi ya iwapo aina fulani ya kitafunwa ni keki au ni biskuti ilifika mbele ya baraza la kodi mwaka 1991, kwa sababu keki haikutozwa na biskuti yenye chokoleti ilitozwa. Ikaamuliwa ni keki. Kila msamaha unazaa mwanasheria wake.

Jibu la pili ni bora: toza kila kitu, kisha mrudishie mtu fedha taslimu. Kanada ilipoanzisha kodi yake ya bidhaa na huduma mwaka 1991 iliambatanisha marejesho kwa wenye kipato cha chini. Pendekezo la Marekani linaloitwa FairTax, lililopelekwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na mbunge John Linder na ambalo halijawahi kupitishwa, linataka kila kaya ipewe fedha kila mwezi, sawa na kodi ambayo ingelipwa kwenye matumizi ya kiwango cha mstari wa umaskini.

Turudi kwa watu wetu watatu, tumpe kila mmoja marejesho ya 200. Wa kwanza sasa halipi kitu: 200 imetoka, 200 imerudi. Safi. Wa pili alilipa 560, anarudishiwa 200, anabaki amelipa 360, asilimia 12 ya mapato yake. Wa tatu alilipa 1,000, anarudishiwa 200, anabaki amelipa 800, asilimia 8.

Zisome tarakimu hizo tena kwa mpangilio: 0, 12, 8. Maskini ameokolewa kweli, tajiri ameendelea kutulia, na mzigo umehamia katikati. Unamkuta mwalimu, muuguzi, fundi mwenye karakana yake ndogo, watu ambao matumizi yao yanazidi kile kinachofidiwa na marejesho lakini mapato yao hayatoshi kuwafikisha mahali ambapo nusu ya fedha haiendi dukani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mara nyingi wanaopigia debe kiwango kimoja ni wale watakaobeba usufi. Tena hapo hazina imekusanya 1,160 tu, wakati kodi ya mapato ya ngazi ilikusanya 2,550 kwa watu haohao. Kuziba pengo hilo kiwango kingebidi kizidi mara mbili, na nundu ya katikati ingepanda pamoja nacho.

Kuna jambo jingine hapa linalonichekesha. Ukitaka marejesho yaende kwa wenye kipato cha chini tu, lazima ujue kipato cha kila mtu, na ukishajua hicho umeirudisha ofisi ileile uliyoapa kuifunga. Ukitaka yaende kwa wote, bado lazima ujue kila kaya ina watu wangapi, nani kahama, nani kafa, nani kajiandikisha mara mbili. Haki haikupatikana kwenye mstari wa risiti. Ilibidi irudishwe kwa mlango wa nyuma, na mlangoni hapo mtu anaulizwa jina.

Kuhusu kiwango chenyewe, tahadhari na asilimia. FairTax hutangazwa kama kodi ya asilimia 23. Kitu cha 100 kinaongezewa 30, unalipa 130. Ile 30 ukiigawa kwa 130 unapata 23. Ukiigawa kwa 100, kama wanunuzi wanavyozoea kuhesabu kodi ya dukani, unapata 30. Hakuna uongo katika hesabu, na kodi ya mapato kwa kweli huhesabiwa kwa njia hiyo ya kwanza. Ila mwenye bidhaa akiwa na bei mbili huanza na ile inayoteleza vizuri mdomoni. Jopo la ushauri wa kodi lililoundwa na Rais George W. Bush mwaka 2005 lililitazama wazo la kodi ya mauzo kuchukua nafasi ya kodi ya mapato na halikulipendekeza. Makadirio ya wizara ya fedha yalikuwa kwamba kiwango kingehitaji kufika angalau asilimia 34, kwa hesabu ya dukani.

Kwa asilimia 34 kaunta inabadilika tabia. "Nikuandikie risiti au niache?" Kwa kodi ya asilimia 5 hakuna anayejisumbua kuuliza hivyo. Kwa asilimia 34 muuzaji na mnunuzi wote wawili wana la kugawana iwapo karatasi haitaandikwa. Mfaransa Maurice Lauré aliliona hilo. Kodi ya ongezeko la thamani aliyoibuni, iliyoanza Ufaransa mwaka 1954, inakusanywa vipandevipande kila hatua, na kila mfanyabiashara anadai ankara kwa aliyemuuzia ili arudishiwe alicholipa. Nchi zaidi ya 170 sasa zina VAT. Kodi ya mauzo ya rejareja inasubiri hadi kaunta ya mwisho, na ikikosa hapo imekosa yote.

Utasikia pia kwamba kodi ya mauzo humnasa hata mhalifu, kwa sababu naye hununua gari. Ni nusu ya ukweli. Muuza dawa za kulevya halipi kodi ya mapato, sawa. Lakini chini ya kodi ya mauzo yeye ndiye muuzaji, na hatawatoza wateja wake kodi aipeleke hazina. Kinachopatikana kwenye gari lake kilipotea kwenye bidhaa yake. Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya nchi ambazo wengi wanajiajiri na hawana slipu. Huko kodi ya mapato huishia kuwaminya waajiriwa wachache, na kodi ya matumizi ndiyo pekee inayomfikia tajiri asiyejitangaza. Nakubali, kwa hiyo sisemi kodi ya mauzo ifutwe. Nasema isiachiwe kazi ya haki.

Sasa niigeukie kodi ya mapato, maana ningekuwa mnafiki kuishia hapo. Ngazi nilizoziandika juu ni nzuri kwenye karatasi. Katika maisha halisi kuna aina mbili za mapato: yanayokatwa kabla hujayaona na yanayosubiri uamue yaonekane lini. Mshahara ni wa kwanza. Faida ya mtaji, yaani ile inayotokana na mali kupanda bei, ni ya pili, na nchi nyingi huitoza pale tu mali inapouzwa, mara nyingi kwa kiwango cha chini kuliko cha mshahara. Mwaka 2011 bilionea Warren Buffett aliandika kwamba kodi yake ya mwaka uliotangulia ilikuwa asilimia 17.4 ya mapato yake yanayotozwa, wakati wenzake 20 wa ofisini walilipa wastani wa asilimia 36, makato ya hifadhi ya jamii yakiwemo. Hakuvunja sheria yoyote. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa mishahara, na yeye hakuwa upande huo wa nyumba.

Wamarekani wana muhtasari wake wa maneno matatu: nunua, kopa, ufe. Unanunua hisa, zinapanda, huuzi. Ukihitaji fedha unakopa benki kwa dhamana ya hisa hizo, na mkopo si mapato. Ukifa, kwa sheria yao, warithi wanachukua hisa kwa bei ya siku ya kifo kana kwamba ndiyo bei ya kununulia, na faida ya maisha yote inayeyuka bila kutozwa kodi ya mapato. Mtetezi wa kodi ya mapato asiyetaka kuligusa hili anatetea kodi ya mishahara tu, akiiita kwa jina kubwa. Na kwa ukweli huo lazima nimpe mwenye FairTax alama moja: yule mkopaji akinunua jahazi kwa fedha ya mkopo, kodi ya mauzo itamkuta dukani, wakati kodi ya mapato bado inasubiri auze hisa ambazo hatauza.

Kwa hiyo swali la mapato au matumizi limechanganywa na swali jingine, la mtu au bidhaa. Denmaki kwa miaka mingi imetoza VAT ya asilimia 25 karibu kwa kila kitu, chakula kikiwemo, na bado iko miongoni mwa nchi zenye pengo dogo la kipato. Inawezekana kwa sababu juu yake kuna kodi ya mapato yenye makali, na fedha ya zote mbili inarudi kama shule, hospitali na malezi ya watoto. VAT kule inakusanya tu. Haijapewa jukumu la kuamua nani abebe nini.

Mwaka 1955 mchumi Nicholas Kaldor alipendekeza njia ya tatu: kila mtu atozwe kwa matumizi yake ya mwaka mzima, kwa jina lake, kwa ngazi zinazopanda. Mapato ya mwaka, ongeza mikopo, toa kilichowekwa akiba. Kinachobaki ndicho ulichokula, na ndicho kinachotozwa. Mweka akiba wa Hobbes anapona. Mkopaji wa jahazi ananaswa, tena kwenye ngazi ya juu kabisa. Na mfagiaji wa benki halipi kiwango cha mkurugenzi. India iliijaribu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaiacha, ikaifufua, ikaiacha tena ndani ya miaka ya 1960. Sri Lanka nayo iliionja ikaitema. Ilikusanya kidogo na usimamizi wake ulikuwa mateso, kwa sababu ilihitaji kujua salio la kila mtu mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, katika zama ambazo salio liliandikwa kwa kalamu kwenye daftari la benki.

Leo salio hilo mwenyewe analisoma kwenye simu yake, na benki nyingi tayari zinatoa taarifa za wateja wa kigeni ambazo hufikishwa kwa mamlaka za kodi za nchi za wateja hao. Kaldor angefanya nini na hizo, sina hakika. Ila anayeniambia kwamba lazima nichague kati ya slipu na risiti, ningependa kwanza anieleze kwa nini daftari la tatu halipo mezani.